Hongera, muuza kahawa

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtu hahitaji kujuana na wenzake ili asikilizwe. Anatoa salamu, anasogezewa nafasi barazani, anapewa finjani ya kahawa chungu na kashata ya karanga. Finjani haijaisha, ameshamweleza asiyemjua jina kwamba kodi ya chumba imemshinda, ada ya mtoto haijalipwa na mchele haushikiki.

Sifa nampa muuza kahawa. Ndiye anayechochea makaa na kumpoza mbishi wa siasa kwa kummiminia kikombe kingine. (Ubishi wa mpira hauna dawa, tuuache.) Mwenye uzito moyoni hujaziwa finjani bila kuulizwa, na mazungumzo yakageuzwa kidogo ili apumue. Deni halimtoki, ila huenda akaondoka na jina la fundi anayetafuta mtu wa kumpa kibarua.

Dosari ipo: vijiwe vya namna hii bado ni vya wanaume zaidi, na wanawake wana shida zilezile za kodi na ada.

Ukipita, keti unywe. Na ulipe taslimu, muuza kahawa naye ana watoto.