Kopra kushuka si minazi kuisha

Wandugu, kuna namna ya kusoma takwimu ambayo mimi siikubali. Zamani kopra, ile nyama ya nazi iliyokaushwa, ilifuata karafuu katika biashara ya nje ya Zanzibar. Leo imepungua sana pwani nzima, na wengi wanakata kauli mbio: minazi imeisha, mkulima ni mvivu.

Ni kweli, ugonjwa umeua minazi mingi. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa minazi mwaka 1979, na kupigana na ugonjwa huo ilikuwa kati ya kazi zake kubwa. Lakini nazi ikikunwa tui nyumbani, ao ikiuzwa dafu mjini, haifiki kuwa kopra. Mstari unashuka, na chakula kiko.

Sisi wa Pangi tuko na ngazi. Mama anakamua mawese, kokwa zinabaki nyuma ya nyumba bila mtu kuzihesabu. Kesho ofisi ikiandika "sufuri", mashine ya kupasua kokwa itaenda kwa wengine. Njo maana, mbele ya kuandika ripoti, tuulize: kilichopungua ni mti, ao ni hesabu?