Karani Mmoja, Filamu Mbili

Kila yanapozuka mazungumzo ya sinema miongoni mwa watu wa rika langu, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa: filamu za kale ni dhahabu, za kisasa ni bati. Vijana nao hujibu kwa hukumu ya kinyume, kwamba filamu isiyo na rangi ni mzigo wa wazee. Mabishano haya hayamfaidii mpenzi wa sanaa, maana umri wa kazi si sifa yake wala si aibu yake. Lakini hutokea, kwa nadra, kisa kimoja kikatengenezwa mara mbili, baina yake miaka sabini, na mafundi wa kweli wakawako pande zote mbili. Hapo mtu hupata cha kupima na cha kupimia.

Filamu ya kwanza ni Ikiru, aliyoiongoza Akira Kurosawa huko Japani mwaka 1952. Ya pili ni Living, iliyotoka Uingereza mwaka 2022, ikaongozwa na Oliver Hermanus, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mswada wake uliandikwa na Kazuo Ishiguro, aliyezaliwa Nagasaki mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka mitano, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017. Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Mkuu wa idara moja katika ofisi ya jiji, mzee aliyefiwa na mkewe zamani, amekaa nyuma ya meza miaka na miaka akipokea karatasi na kuzipitisha kwa wengine. Anagundua kwamba ana maradhi yasiyopona na kwamba miezi yake imehesabika. Anajaribu ulevi na starehe za usiku, hazimfai kitu. Anajaribu kuota moto wa furaha ya binti mmoja aliyekuwa chini yake kazini. Mwishowe anarudi ofisini, analichomoa katika rundo la mafaili ombi la akina mama waliotaka uwanja wa kuchezea watoto wao, na analifuatilia mpaka uwanja unajengwa. Kisha anakufa.

Asili ya mbali ya kisa hiki ni hadithi ya Tolstoy ya mwaka 1886 juu ya kifo cha hakimu Ivan Ilyich. Kwa hiyo mbele yetu tuna safari ya tafsiri: kutoka Kirusi kwenda Kijapani, kutoka Kijapani kwenda Kiingereza, na kutoka hakimu kwenda karani. Ndiyo maana naona sisi wa tungo na tafsiri tuna haki ya kusema neno juu yake. Maswali anayokabiliana nayo mwenye kuhamisha filamu ni yaleyale ya mwenye kuhamisha shairi: lipi liachwe lipotee ili lipi liokolewe?

Tuanze na jina. Neno la Kijapani ikiru ni kitenzi, na maana yake ni kuishi. Kiingereza kimelipokea vyema, lakini Kiswahili kingelipokea vyema zaidi, kwani kwetu kuishi ni kitenzi na jina kwa pamoja, na tena limepakana na kuisha kwa irabu moja tu. Mtunzi yeyote wa pwani angeiona pacha hiyo papo hapo. Na kisa chote kimo ndani yake: mtu aliyekuwa amekwisha kabla hajaishi. Bwana Watanabe, karani wa Kurosawa, amebandikwa na yule binti jina la Mumia; Bwana Williams wa London naye ameitwa mfu anayetembea. Wote wawili wanalisikia jina lao kutoka kinywani mwa binti mwenyewe, na hakuna anayekasirika.

Jambo la kwanza la kupimia ni tabibu. Katika Ikiru, Watanabe yuko katika chumba cha kungojea hospitalini, na mgonjwa mwenziwe asiyemjua anamweleza jinsi matabibu wanavyoificha saratani ya tumbo: watakwambia ni kidonda kidogo, hakuna haja ya kupasuliwa, kula chochote roho ikipendacho. Muda si muda Watanabe anaingia ndani, na tabibu anamwambia maneno yaleyale. Mtazamaji anaona uso wa mtu anayesomewa hukumu ya kifo kwa maneno ya kumpa afya. Katika Living tabibu anasema ukweli waziwazi, na Williams anaupokea kwa adabu fupi ya Kiingereza, kama aliyearifiwa kwamba treni imechelewa. Ishiguro amefanya kazi ya mtafsiri mwerevu: ameacha uongo wa huruma wa Kijapani, akauweka badala yake ukimya wa Kiingereza. Maneno yamebadilika yote na maana imebaki karibu na ilipokuwa. Wapenzi wa filamu za Kihindi, ambao pwani yetu haijapata kuwakosa, watakumbuka njia ya tatu katika Anand ya Hrishikesh Mukherjee ya mwaka 1971, ambamo mgonjwa ndiye anayecheka na tabibu ndiye anayeumia. Kila lugha ina namna yake ya kukikaribia kifo. Hapa nazipa filamu zetu mbili alama sawa.

Jambo la pili ni wimbo, na hapa mizani inaanza kulala upande mmoja. Watanabe, katika usiku wake wa starehe, anaomba upigwe wimbo wa mwaka 1915, wimbo wa mapenzi unaowausia wasichana wasichelewe kupenda maadamu ujana ungali nao. Anauimba kwa sauti ya chini sana, machozi yakimtoka, na wacheza dansi wanasimama mmoja mmoja. Baadaye anauimba tena usiku wa theluji, akiwa peke yake juu ya bembea ya uwanja alioujenga, na safari hii amefurahi. Maneno ni yaleyale, mwimbaji ni yuleyule. Kilichogeuka ni maana, kama kibwagizo kinavyogeuka pale beti zilizokitangulia zinapokipa uzito ambao hakikuwa nao mwanzo. Living imeuweka mahali pake wimbo wa Kiskoti juu ya mti wa nyumbani na kumbukumbu za utotoni. Bill Nighy anauimba vizuri, na asiyeguswa naye ana moyo mgumu. Lakini wimbo huo unatazama nyuma. Wimbo wa Watanabe unatazama mbele, unamhimiza msikilizaji afanye jambo leo, na uchungu wake unatoka hapo, kwa kuwa mwimbaji hana kesho. Tafsiri imebadilisha himizo kuwa kumbukumbu, na wasia umegeuka maombolezo.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa, ni matanga. Tolstoy aliyaweka mazishi mwanzoni mwa hadithi yake, ambapo wenziwe marehemu wanapata habari ya kifo na papo hapo kila mmoja anawaza nani atapandishwa cheo. Kurosawa alifanya jambo la kijasiri zaidi. Filamu yake ina dakika 143. Zikiwa zimesalia takriban dakika 50, Watanabe ndiyo kwanza ameamua kuujenga uwanja, nasi tumekaa tayari kuona mapambano yake. Mara sauti ya msimulizi inatuarifu kwamba miezi mitano imepita na shujaa wetu amefariki. Mapambano yote tunayasikia kutoka vinywani mwa makarani waliokusanyika mbele ya picha yake. Naibu meya, aliyeuzuia mradi, amekwisha kujitwalia sifa. Akina mama wa mtaa wanaingia, wanalia, wanaondoka bila ya kusema neno, na ofisi nzima inainamisha vichwa. Naibu meya akishaondoka, pombe inapanda na ndimi zinafunguka: huyu anasema uwanja ulijengwa kwa bahati, yule anasema kwa sababu ya uchaguzi, mwingine anauliza kama marehemu alijua anakufa. Kidogo kidogo, kwa vipande vya kumbukumbu za watu ambao hawakumwelewa, sisi tunamwelewa. Usiku wa manane wote wanaapa kwa machozi kwamba watafuata nyayo zake. Asubuhi ombi jipya linaletwa mezani, na mkuu mpya analipeleka idara nyingine. Karani mmoja, Kimura, anasimama kwa hasira. Anatazamwa. Anakaa tena, na rundo la mafaili linamfunika uso.

Nani miongoni mwetu hakupata kukaa katika matanga akasikia marehemu akigawanywa hivi, kila mmoja akijikatia kipande kinachomfaa? Na nani hakupata kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa aende dirisha la pili, na la pili likamrudisha la kwanza, kama walivyozungushwa akina mama wale mwanzoni mwa filamu? Kurosawa na waandishi wenziwe, Shinobu Hashimoto na Hideo Oguni, waliyaunganisha mambo hayo mawili. Waliona kwamba ofisi na matanga vinatumia lugha moja: lugha ya kupitisha kwa mwingine. Huko hupitishwa karatasi, huku hupitishwa sifa na lawama.

Living inayo matanga hayo, lakini imeyafupisha. Filamu nzima ina dakika 102, na kinachokatwa zaidi ni ubishi. Makarani wanazungumza katika behewa la treni, wanaapa, wanasahau. Hilo limebaki na limefanywa kwa ustadi. Ila filamu imeongeza kitu ambacho Kurosawa hakuwa nacho: barua ambayo Williams amemwachia Wakeling, karani kijana, akimweleza namna ya kuutazama uwanja ule na kazi yake yote. Barua imeandikwa kwa unyenyekevu. Inakiri kwamba uwanja ni kitu kidogo, na kwamba siku moja nao utachakaa au utasahauliwa. Wazo hilo ni zuri na ni la Ishiguro mwenyewe, nami nakubali kwamba linaongeza kitu. Lakini nalalamikia mahali lilipowekwa. Kwa Kurosawa marehemu hana kauli. Amekwenda na siri yake, na walio hai wanahangaika kuifumbua, wengine kwa ujinga, wengine kwa hasidi. Kwa Hermanus marehemu anarudi kutusomea ufafanuzi. Ni kama mtunzi aliyekwisha kufunga ubeti wake wa mwisho, vina vikakaa, mizani ikatimia, halafu akaandika chini yake maelezo ya alichokusudia. Maelezo hayo huenda yakawa ya kweli kabisa. Hata hivyo yanamnyang'anya msomaji kazi iliyokuwa yake.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya filamu hizi mbili, na haina uhusiano na rangi wala umri. Ikiru, tunayoiita ya kale, ilikuwa filamu ya kisasa kuliko zote siku ilipotoka. Ilionyeshwa Oktoba 1952, miezi michache tu baada ya majeshi ya Marekani kumaliza utawala wao wa kuikalia Japani, na dimbwi la maji machafu ambalo akina mama wanataka lifukiwe lilikuwa dimbwi la Tokyo ya mwaka ule. Watazamaji walitoka sinema wakarejea katika ofisi zilezile. Living ilitengenezwa katika karne yetu, lakini imejivika nguo za mwaka 1953: inaanza kwa picha za zamani za London, makarani wamevaa kofia za duara, na uwanja unajengwa mahali palipobomolewa na mabomu ya vita. Ni nzuri mno kuitazama, na uzuri huo ni pazia. Mtazamaji wa 2022 anaweza kusikitikia ukiritimba wa babu zake bila ya kuulizwa lolote juu ya wake. Kurosawa alimkamata mtazamaji wake ukosi. Hermanus anamshika mkono.

Sitaki ieleweke kwamba namdharau Nighy. Takashi Shimura, aliyecheza Watanabe, anatumia macho yaliyotoka na sauti iliyokauka, na wapo wanaoona amezidisha. Nighy hazidishi kitu. Anakunja uso kwa kiasi cha ukucha, na inatosha. Kama ningehukumu waigizaji peke yao ningetaabika. Lakini filamu ni utungo mzima, na utungo huhukumiwa pia kwa pale ulipojua kunyamaza.

Inabaki tafsiri ambayo bado hatujapewa, nayo ni ya Kiswahili. Naitamani, na naogopa itakavyokuwa. Karani wetu si shida kumpata, wala akina mama na ombi lao, wala matanga, ambayo tunayajua kuliko Waingereza wanavyoyajua yao. Wimbo pia tunao, tena kwa wingi. Itatosha uchaguliwe ule unaohimiza, usichaguliwe ule unaoomboleza. Jaribio litakuwa mwishoni. Sisi ni watu wa kuaga kwa wasia, na mkono wa mwandishi wetu utawashwa umpe marehemu kaseti, barua au ndoto ya mtoto wake, atuambie tuliyokwisha kuyaona. Atakayeweza kuuzuia mkono huo, akamwacha yule karani juu ya bembea yake na wimbo wake, na asubuhi yake akatuonyesha Kimura anavyokaa kitini pole pole mpaka mafaili yanamfunika, huyo atakuwa ameitafsiri Ikiru. Na atakayetoka kuitazama, kama ana meza na muhuri mahali fulani, atajua ombi gani liko chini ya rundo lake.