Chupa Iliyochemka na Kilichomo Ndani Yake

Msimu wa maembe ukishika pwani ya Kilifi, kuanzia Vipingo na Kuruwitu mpaka Malindi, embe bichi huwa nyingi kuliko walaji, na nyumba nyingi huziokoa kwa achari. Kazi huanza na chupa. Chupa za jemu, za asali na za mayonezi zilizowekwa kabatini mwaka mzima hutolewa, huoshwa kwa sabuni, huchemshwa kwenye sufuria kubwa, kisha hupinduliwa juu ya kitambaa safi zikauke. Ni kazi njema na sitaki mtu aiache. Ninachopinga ni dhamana tunayoibebesha. Tumezoea kuamini kwamba chupa ikishachemka, chochote kitakachotiwa humo kitakaa salama. Sivyo. Kinachoilinda achari ni ukali wa embe na ndimu ukisaidiwa na chumvi, na chupa iliyochemshwa ni msaidizi tu. Anayetengeneza achari ya embe anaweza kukosea hapo maisha yake yote asidhurike. Lakini imani hiyo hiyo akiihamishia kwenye chupa ya pilipili na kitunguu saumu vilivyozamishwa ndani ya mafuta, au kwenye vipande vya jodari, inaweza kuua mtu.

Tuanze na kile ambacho moto unaweza. Kuruwitu iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na mpishi wa kule hawezi kuyapandisha zaidi ndani ya sufuria ya kawaida hata akiongeza makaa. Ndiyo maana mwongozo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, unaofuatwa na wahifadhi wengi wa vyakula duniani, unataka chupa tupu ichemshwe dakika 10 katika maeneo ya chini, na dakika moja zaidi kwa kila mita 300 hivi unazopanda. Anayeishi pwani anamaliza kwa dakika 10, wa Nairobi anahitaji kama 15. Katika muda huo chachu hufa, ukungu hufa, na bakteria wengi wa kuharisha hufa. Zisizokufa ni spora, yaani mbegu ngumu ambazo baadhi ya bakteria hujifungia ndani yake hali ikiwa mbaya. Spora za Clostridium botulinum, bakteria anayeishi kwenye udongo na kwenye tope la chini ya bahari, huvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Kuziua kunataka nyuzi 121 za mvuke ulioshindiliwa. Maabara zinazotumia joto kavu huweka vyombo vitupu vya kioo kwenye tanuri la nyuzi 160 kwa saa mbili. Kwa kipimo hicho, hakuna chupa iliyotoka kwenye sufuria ya nyumbani ikiwa haina kiumbe hai kabisa. Na hata ingekuwapo, kitunguu saumu kilichong'olewa ardhini kingeingia nacho na spora zake.

Mwezi Oktoba mwaka 2008 wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni nchini Uganda walilazwa hospitalini wakiwa na dalili za kupooza. Mmoja alifariki. Vipimo vilikuta sumu ya botulinum ya aina A, na huo ukawa mlipuko wa kwanza wa botulizimu ya chakula kuthibitishwa nchini humo. Wachunguzi walipopitia vyakula vyote walivyokula, walikuta wote watatu walikuwa wamekula kiungo cha kutengenezwa nyumbani, kilichowekwa ndani ya mafuta, kile ambacho wanafunzi wengi hubeba shuleni ili wapate kula chakula cha bweni. Takwimu za uchunguzi hazikuweza kukifunga chakula chochote moja kwa moja na ugonjwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache mno, lakini kiungo hicho ndicho kilichotajwa kuwa chanzo kinachoelekea zaidi, na shule zikashauriwa kukizuia. Mzazi yeyote wa Kenya anaifahamu chupa ya kiungo cha aina hiyo. Inafungwa kwenye sanduku la mtoto kila muhula unapofunguliwa, na inaandaliwa kwa mapenzi na kwa usafi. Usafi huo hauna nguvu juu ya spora. Mafuta huzuia hewa kufika chini, na bakteria huyu hutaka mahali pasipo na hewa. Kitunguu saumu hakina ukali wa kumzuia. Joto la bwenini humfaa. Baada ya siku au wiki kadhaa sumu huwa imejengeka, mara nyingine bila harufu, bila povu na bila ladha ya kumwonya mlaji. Ugonjwa huanza na macho kuona ukungu na kope kulegea, koo hushindwa kumeza, mwishowe misuli ya kuvuta pumzi husimama.

Wapo watakaosema ugonjwa huu ni wa Wazungu na makopo yao. Si kweli, na mkasa wa Uganda si wa peke yake, kwani mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha habari za botulizimu hapa Kenya iliyotokana na ulaji wa kumbikumbi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la bibi. Bibi zetu wameweka achari miaka na miaka, chupa wakizisuuza kwa maji ya moto tu, na hakuna aliyepooza. Ushahidi huo ni wa kweli, na ndio unaoipa nguvu hoja yangu. Bakteria wa botulinum hawezi kukua wala kutoa sumu pale ambapo pH iko chini ya 4.6, na kadiri tarakimu hiyo inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Embe bichi liko chini sana ya mpaka huo, na ndimu na ukwaju viko chini zaidi. Bibi alichagua embe changa lenye kukaza meno, akalitia chumvi, akalianika juani likapungua maji, akalikamulia ndimu, kisha ndipo akafikiria viungo na mafuta. Mlolongo huo ulikuwa umekwisha kuifanya kazi ya ulinzi kabla chupa haijaguswa. Spora zilikuwemo, ila hazikupata nafasi ya kuamka. Tatizo ni kwamba tuliorithi mapishi yake tulikumbuka chupa, kwa sababu ndiyo iliyoonekana ikichemka, tukasahau kuuliza kwa nini embe lilipaswa kuwa bichi. Embe likishaiva ukali wake hushuka, na kwa baadhi ya aina linaweza kuuvuka mpaka wa 4.6. Anayebadilisha embe bichi kwa lililoiva ili achari iwe tamu, na kupunguza ndimu ili isiwe kali, ameuondoa ulinzi wenyewe na kubaki na chupa safi.

Sasa, ikiwa ukali ndio unaolinda, kwa nini tuchemshe chupa? Kwa sababu ya chachu na ukungu. Hao huvumilia ukali. Chachu huifanya achari itoe povu na kusukuma kifuniko. Ukungu una hila zaidi, kwa kuwa unapoota juu ya chakula kikali hula ile asidi yenyewe, na mahali penye utando wake ukali unaweza kupungua mpaka bakteria wa hatari wakapata pa kukaa. Ndiyo maana kuukwangua utando wa juu na kuendelea kula kilicho chini, kama wafanyavyo wengi, si jambo la kupuuza. Chupa iliyochemshwa huondoa ukungu uliokuwa umejificha kwenye hesi za mdomo. Hiyo ndiyo kazi yake halisi, na ni kubwa ya kutosha bila kuongezewa sifa.

Lakini hata kazi hiyo inafanywa vizuri zaidi kwa njia ambayo nyumba nyingi za pwani hazijaijaribu, nayo ni kuchemsha chupa ikiwa imejaa. Aliyegundua njia hii ya kuhifadhi, Mfaransa Nicolas Appert, alifanya hivyo tangu mwanzo. Alijaza chakula kwenye chupa za kioo, akaziziba kwa vizibo na waya, akazivika vifuko vya kitambaa zisigongane, kisha akazichemsha zikiwa zimefungwa. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa faranga 12,000 aichapishe mbinu yake, miaka 12 kabla Louis Pasteur hajazaliwa, yaani hakuna aliyekuwa anajua kwa nini inafaa. Ilifaa kwa sababu kinachohitaji moto ni chupa, chakula, kifuniko na ile hewa iliyobaki juu, vyote kwa pamoja. Anayechemsha chupa tupu, akaiacha ipoe barazani, akaishika mdomo kwa vidole na kuijaza kwa upawa, amerudisha ukungu aliokuwa ameufukuza. Mwongozo ule ule wa Marekani unasema wazi kwamba chupa itakayochemshwa ikiwa imejaa kwa dakika 10 au zaidi haina haja ya kuchemshwa ikiwa tupu, inatosha iwe imeoshwa na iwe na joto. Kwa nyumba inayonunua makaa kwa kopo au inayohesabu siku za mtungi wa gesi, hili si jambo dogo, kwa kuwa moto mmoja unafanya kazi ya mioto miwili na kuifanya vizuri zaidi.

Namna ya kuchemsha yenyewe inataka utulivu. Chupa ya kioo haipasuki kwa joto, hupasuka kwa tofauti ya joto kati ya sehemu zake. Ikikaa moja kwa moja juu ya bati la sufuria, chini huungua huku juu bado kuna baridi, na ufa huzunguka kitako kama umekatwa kwa uzi. Kwa hiyo tandika leso kuukuu ndani ya sufuria, kwenye kitako chake, panga chupa tupu zisigusane, tia maji ya baridi mpaka yazifunike, ndipo uwashe moto. Dakika huhesabiwa tangu maji yanapotokota kwa nguvu, si tangu sufuria ilipotengwa. Kwa chupa iliyojaa, maji ya sufuria yawe na joto linalokaribiana na la achari, nayo yapite juu ya kifuniko. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa, kwa hiyo chupa hutoka na vumbi jeupe. Hilo si uchafu wala si ugonjwa, na siki kidogo ndani ya maji ya kuchemshia huliondoa. Kifuniko ndicho chenye lawama zaidi. Ule mpira laini uliopakwa ndani ya kifuniko cha bati umetengenezwa kubana mara moja, na ukishapata alama ya mdomo wa chupa ya kwanza haubani vizuri tena. Chumvi ya achari hula bati lililochubuka, na kutu ikiingia hakuna dakika za moto zitakazoitoa. Chupa inaweza kurudiwa miaka mingi, lakini pesa ya kifuniko kipya haina badala.

Kuna chakula ambacho kuchemsha chupa kunaweza hata kukiharibu, nacho ni asali. Asali ya mikoko ya Mida au ya msitu wa Arabuko-Sokoke hujilinda kwa ukavu, kwa kuwa sukari yake imeshika maji yote na chachu haipati ya kunywa. Matone yaliyobaki ndani ya chupa iliyotoka tu sufuriani yanatosha kuilainisha sehemu moja ya asali ikaanza kuchacha. Kwake, chupa iliyooshwa ikakauka kabisa ni bora kuliko iliyochemshwa ikabaki na unyevu, na kwenye hewa nzito ya bahari kukauka huko kunataka saa nyingi. Spora za botulinum hupatikana ndani ya asali pia, zikiwa zimelala. Mtu mzima hazimdhuru, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haifai kabisa aonjeshwe asali, hata iliyotoka kwenye chupa safi namna gani.

Wengine huegemea jua au dawa ya klorini. Jua la pwani lina nguvu, na majaribio miongoni mwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1996, yalionyesha kuwa maji yaliyoanikwa kwenye chupa za plastiki yalipunguza kuharisha. Hayo yalikuwa maji ya kunywa na vijidudu vya kuharisha, si spora, wala si ukungu uliojificha kwenye hesi. Klorini nayo huishiwa nguvu ikikutana na mabaki ya mafuta au jemu, na lazima isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Vyote viwili vinafaa kama nyongeza ya kuosha.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwa Kuruwitu ni samaki. Jamii ya hapo iliunda chama chake cha uhifadhi mwaka 2003 na ikatenga sehemu ya bahari isivuliwe, na mahali kama hapo wazo la kuongeza thamani ya samaki na pweza kwa kuwatia kwenye chupa za mafuta linaweza kuja wakati wowote, tena linapendeza machoni. Samaki hana ukali wowote wa kumlinda. Ng'onda hukaa kwa sababu amekaushwa na kutiwa chumvi, na ukimrudishia maji ukamzamisha kwenye mafuta ulinzi huo umekwisha. Samaki wa chupa anataka mtambo wa mvuke ulioshindiliwa wenye geji, na muda uliopimwa kwa ukubwa wa chupa ile ile. Sufuria ya presha ya kupikia maharagwe haitoi uhakika huo. Kikundi kisicho na mtambo kibaki na ng'onda, au kiuze samaki wa barafu.

Na kikundi cha achari kikipata fedha ya kwanza ya vifaa, kisinunue sufuria kubwa zaidi. Kinunue kipimo cha pH. Achari isagwe kidogo siku moja baada ya kutengenezwa, ukali ukishapenya hadi katikati ya vipande, ipimwe, na tarakimu iandikwe pamoja na tarehe ya pishi hilo. Ikisoma 4.2 au chini yake, iende sokoni. Ikizidi hapo, iongezwe ndimu au siki na ipimwe upya kabla ya kifuniko kufungwa.