Vitz Dhidi ya Timboroa: Hesabu ya Gari Dogo Safarini

Vitz, Passo, Demio na March ni magari ya kila siku mjini Eldoret, na Desemba ikifika hujaa kwenye barabara ya Nairobi. Je, yanafaa kwa safari hiyo ya kilomita 310 hivi? Wengi hujibu kwa mazoea, ilhali jibu liko kwenye hesabu ya mlima.

Tuchukue Vitz ya cc 1,000 yenye silinda tatu na nguvu farasi 71. Nguvu hiyo ni ya hewa ya usawa wa bahari. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na Timboroa, njiani kwenda Nairobi, barabara hufika karibu mita 2,700. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban robo ya nguvu yake. Farasi 71 hubaki 53 hivi, na baadhi hupotelea kwenye gia kabla ya kufika kwenye tairi.

Sasa pakia watu wanne na mizigo, uzito wote ufike kilo 1,300. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kuupandisha uzito huo peke yake kunakula farasi 14. Gari litapanda bila shida. Linachokosa ni akiba ya kuongeza mwendo haraka, na akiba hiyo ndiyo inayohitajika wakati wa kupita trela.

Trela linapanda kwa kilomita 40 kwa saa, nawe unalipita kwa 60. Ukijumlisha urefu wake na nafasi salama mbele na nyuma, unahitaji kulizidi kwa mita 50: sekunde 9 upande usio wako. Katika sekunde hizo utasafiri mita 150, na gari linalokuja kwa 80 litasafiri mita 200. Usipoona mita 350 za barabara tupu, usitoke. Gari linaloweza kupita kwa 80 linahitaji mita 200 tu. Tofauti hiyo ya mita 150 ndiyo bei ya injini ndogo, na ustadi wa dereva hauipunguzi.

Jambo la pili ni joto. Kwenye kimo cha Timboroa maji huchemka kwa nyuzi 91 hivi. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima, kinahifadhi presha na maji hayachemki mapema. Mpira wake ukichakaa, injini inayofanya kazi ngumu mlimani itachemsha. Kabla ya safari, fundi akague kifuniko hicho, feni na kulanti.

Kuelekea Nairobi kuna mtihani mwingine. Wasafiri hununua viazi Timboroa au Burnt Forest, kisha wanashuka mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa wakiwa wameongeza gunia moja au mawili ya kilo 50. Kukanyaga breki kwa muda mrefu huzipasha moto hadi zinakosa nguvu. Teremka kwa gia ya chini. Kwenye gia otomatiki weka B au L, ili injini ndiyo ishike gari.

Kwenye tambarare gari dogo linajilipa. Kwa mwendo wa 80 hadi 90, safari nzima inaweza kutumia lita 17 hivi za petroli. Lakini ukitoka 80 ukafika 100, upinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu, na faida hiyo huanza kuyeyuka.

Hukumu yangu: kwa watu wawili au watatu na mizigo ya kiasi, gari dogo lililotunzwa vizuri linafaa kabisa. Kwa watu watano na buti iliyojaa, halifai njia hii. Mizigo ipelekwe kwa kampuni ya vifurushi, au abiria wawili wapande matatu. Gharama hiyo ni ndogo kuliko hatari ya kukosa nguvu ukiwa ubavuni mwa trela.