Ngoma Mbili Zilizonitia Wazimu Vamizi

Jamani, mashine hii ya kuchana pamba! Ngoma mbili za mbao zilizovikwa meno ya waya, ndogo mbele, kubwa nyuma, na mkono wa kuzungushia. Basi! Unailisha pamba iliyokwisha kutolewa mbegu, kidogokidogo. Ngoma ndogo inainyakua, kubwa inaipokonya kwa kasi zaidi, na katika kupokonyana huko mafundo yanafumuka, taka zinadondoka, nyuzi zinalala upande mmoja. Nimeijaribu barazani hapa kisiwani Vamizi kwa pamba ya Montepuez, na yale machanuo mawili ya mkono, ya kusugua mpaka viwiko viume, sidhani kama nitayagusa tena.

Na wapi pa kuijaribia kama si hapa! Visiwa hivi Wareno waliviita Maluane, kwa jina la nguo iliyofumwa humu, ya pamba na hariri, ikatiwa nili. Kilwa nako vimefukuliwa vizito vya udongo vya kusokotea uzi, tele. Pwani hii imevaa kazi ya mikono yake karne na karne.

Kuzungusha ngoma kulianza Uingereza mwaka 1748, pale Lewis Paul na Daniel Bourn, kila mtu kivyake, walipopata hataza za mashine za kuchana. Tatizo likawa kuibandua pamba iliyonasa. Mwaka 1775 Richard Arkwright akaleta chanuo linalochezacheza mbele ya ngoma, likiibandua bila mashine kusimama. (Wenzake walidai kaiba mawazo ya watu, 1785 mahakama ikamfutia hataza.)

Chanuo hilo ndilo ninalolililia, maana mashine yangu haina. Unasimama, unapitisha kijiti chini ya pamba, unainua polepole... na hapo linakuja blanketi jeupe, jepesi, ukiliinua unaona bahari upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa akitazama akalipapasa, akasema, “Mwanangu, hili usilisokote. Lilalie.”

Kasoro ipo. Meno yametengenezwa kwa ajili ya sufu ya kondoo, yameachana mno. Nyuzi za pamba ni fupi, hivyo vijifundo vingine vinapenya. Na kwa chumvi ya hapa, usipoifunika usiku waya utashika kutu. Lakini fundi wa mashine hii anayo ngoma yenye meno yaliyosongamana. Nishaagiza. Bei sikuuliza.