Pembe za Barabarani

Msafiri ashukaye katika kiwanja cha ndege cha Mombasa hupita Changamwe, akavuka Makupa na kuingia kisiwani. Huko, katika Barabara ya Moi, huona pembe nne kubwa za ndovu zimepinda juu ya njia na kupishana. Aghalabu husimama akapigwa picha, kisha akaenda zake. Je, kazi hii yastahili sifa ipewayo?

Ukizitazama kwa karibu, si pembe. Ni bati la alumini. Za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952 kwa heshima ya Binti Mfalme Elizabeth, aliyetazamiwa kupanda meli Mombasa. Lakini tarehe 6 Februari baba yake alifariki, naye akarudi kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni hakuja, mwenyeji akabaki na lango.

Wako wanaoliona kuwa mzaha tu mbele ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Mimi sikubali. Wenyeji wamekwisha kulifanya lao: katika umbo lake husoma herufi M, ya Mombasa. Tena, mwaka 2016 Kenya iliteketeza tani 105 za pembe halisi, zilizotoka kwa maelfu ya ndovu. Hizi za bati hazikumwua hata mmoja.

Basi, msomaji, upitapo hapo tazama, lakini uliza pia: zilijengwa kwa ajili ya nani, na leo ni za nani? Asiyeuliza amepita tu, hakusafiri.