Mbiti, Mchikichi na Wakati Ujao

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alidai katika kitabu chake African Religions and Philosophy (1969) kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi una pande mbili: Sasa na Zamani. Wakati ujao, kwake, karibu haupo. Hauvuki miaka 2. Makala haya yanayapima madai hayo Rumonge, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, Burundi.

Kirundi kinaonekana kumuunga mkono: neno ejo ni jana na pia ni kesho. Lakini kitenzi huondoa utata huo, na lugha hiyo ina neno kazoza, yaani wakati ujao. Kiswahili nacho, ambacho Mbiti alichukua humo maneno yake mawili, kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo.

Hata hivyo, msamiati peke yake hauthibitishi falsafa. Tutazame kazi. Rumonge ni nchi ya mawese. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, kisha huzaa kwa miaka 20 na zaidi. Anayeupanda ameshauvuka mpaka wa Mbiti. Mtetezi wake atajibu kwamba mti hufuata mzunguko wa maumbile, na Mbiti aliukubali mzunguko huo. Ni kweli. Lakini uhai wa mpandaji haumo katika uhakika huo. Mzee anayepanda mche anajua kwamba huenda mwingine ndiye atakayekamua mafuta, na bado anapanda. Hapo wakati ujao si hesabu ya misimu, bali ni wajibu kwa atakayebaki.

Mbiti ana nguvu zaidi anapozungumzia wafu: wangali hai maadamu wapo wanaowakumbuka kwa majina, kisha huzama katika Zamani. Rumonge inatuonyesha kwa nini wakumbukwe. Mwaka 1972 watu wengi wa huku walikimbilia Tanzania. Waliorudi miongo kadhaa baadaye walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine. Katika migogoro hiyo, jina la babu aliyelima hapo ni hoja kuhusu mahali wajukuu watakapokula. Na aliyelikuta shamba likiwa tupu, akalilima miaka 30, huenda naye amezika wake hapo. Pande zote mbili huwataja wafu kwa ajili ya kesho.

Kwa hiyo kosa la Mbiti si kuipa Zamani uzito, bali ni kuitenga na kesho. Asiye na wakati ujao atamtaja marehemu wake kwa lipi?